Kutoka mpira wa mtaa hadi soka ya kulipwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Maswali haya yanatoka kwa vijana wanaocheza Tononoka, Serani, Changamwe, Likoni na Kisauni, na kwa wazazi wao. Mengi huulizwa kando ya uwanja, refa akisubiri, na hujibiwa nusunusu. Hapa yamejibiwa kwa utulivu. Pale jambo limekwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye swali lake.

## Mwanzo

Kocha, mimi hupewa shilingi mia tatu kila mechi ya mtaa. Si tayari ni mchezaji wa kulipwa?

Bado. Kanuni za FIFA zinataka mambo mawili kwa pamoja: uwe na mkataba wa maandishi na klabu, na ulipwe zaidi ya gharama unazotumia kucheza. Asiyetimiza yote mawili ni mchezaji wa ridhaa. Mia tatu inayotoka mfukoni mwa mfadhili baada ya fainali ya kombe la mtaa ni ahsante. Hata ukipewa kila Jumapili mwaka mzima, hakuna mahali ilipoandikwa.

Si aibu kuwa wa ridhaa. Karibu kila mchezaji wa ligi za chini ni wa ridhaa, na wapo wanaowapeleka mbio wa Ligi Kuu wakikutana kwenye mechi ya kirafiki.

Kipaji hakitoshi?

Kingetosha, Mombasa ingekuwa imejaza timu ya taifa miaka yote. Klabu ya Feisal ya hapa hapa ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965. Bandari, klabu nyingine ya Mombasa, ilitwaa kombe la Ngao ya taifa 2015, ikaitwaa tena 2019, kisha ikaenda Kombe la Shirikisho la Afrika na kuwatoa Ben Guerdane wa Tunisia kabla ya kukwama kwa Horoya ya Guinea. Miguu ipo.

Kinachokosekana ni rekodi. Kijana anacheza tangu ana miaka minane mpaka anaota ndevu, mtaa mzima unamjua kwa jina la utani, na hakuna karatasi hata moja yenye jina lake kamili. Skauti, yaani mtafuta vipaji wa klabu, akiuliza amechezea wapi, jibu ni “hapa hapa”. Kwa hiyo kwenye majibu mengi hapa chini utaona neno moja likirudi: kusajiliwa.

Ngazi za ligi ziko vipi?

Kutoka chini kwenda juu: ligi za kaunti na za eneo, Daraja la Pili, Daraja la Kwanza, Ligi ya Supa (NSL), kisha Ligi Kuu yenye timu 18. Makombe ya mtaa, hata yale yanayojaza uwanja na kutoa mbuzi na jezi mpya, hayamo kwenye ngazi hii. Yacheze, lakini usiyahesabu kama cheo.

Nijiunge na timu gani? Bandari hawanijui.

Anza na timu yoyote ya karibu iliyosajiliwa na Shirikisho la Soka Kenya (FKF) na inayocheza ligi kweli. Muulize kiongozi wake maswali mawili: mnacheza ligi ipi msimu huu, na jina langu litaingizwa lini kwenye usajili? Akianza kuzungusha maneno, mshukuru uende zako.

Vijana wengi hufanya kinyume. Wanaifuata timu yenye jezi nzuri na mwenyekiti mwenye gari, wanacheza makombe miaka mitatu, na mwisho wake hawana walichobeba. Timu ya Daraja la Pili yenye mipira minne na kocha mkali itakufaa zaidi. Timu za ligi hucheza dhidi ya vikosi vya vijana vya klabu kubwa, na huko ndiko watu huonekana.

Umri gani ni wa kuanza? Na mimi nina 21, nimeshachelewa?

Kucheza, wakati wowote. Kusajiliwa, ukiweza, uwe umesajiliwa ukifika miaka 12, kwa sababu FIFA huhesabu malezi ya mchezaji kuanzia mwaka wa kutimiza 12. Faida yake imeelezwa kwenye swali la timu ya mtaa iliyomlea mchezaji.

Kwa wa 21: hujachelewa kucheza ligi ya nyumbani, lakini mlango wa Ulaya umebaki mwembamba. Hapa watu hupenda kumtaja Jamie Vardy, aliyenunuliwa na Leicester mwaka 2012 akiwa na miaka 25 kutoka Fleetwood, na 2016 akawa bingwa wa Uingereza. Kisa ni cha kweli, ila watu huruka kipande kimoja. Miaka yote kabla ya hapo Vardy alikuwa akicheza ligi zilizosajiliwa, Stocksbridge, Halifax, Fleetwood, jina lake kwenye karatasi ya refa kila wiki. Hakuokotwa ufukweni.

## Uwanjani

Mtaani hakuna anayenikaba. Kwa nini nikienda majaribio nakaa benchi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu kuliko yote.

Mpira wa mtaa wa watano kwa watano, kiwanja chembamba, magoli ya mawe, unafundisha mambo ambayo hakuna akademia inayoyafundisha vizuri hivyo. Unafundisha kuupokea mpira unaorukaruka juu ya mawe, kutoka katikati ya watu watatu, na kutoogopa mtu mzima anayekuja na kiwiko. Mchezaji wa aina hiyo makocha wanamtaka.

Lakini mtaani mpira hukurudia kila baada ya sekunde chache. Uwanja wa kawaida wa wachezaji 11 una urefu wa mita 105 hivi na upana wa 68, na katika dakika 90 mpira utakaa miguuni mwako dakika chache tu. Muda uliobaki wote unacheza bila mpira, na huko ndiko vijana wetu huanguka. Winga anapoteza mpira, anashika kiuno, anamtazama beki wa upande wake akishambuliwa na watu wawili. Fowadi hajui sheria ya kuotea (kuwa mbele ya beki wa mwisho pasi inapopigwa) kwa sababu mtaani hakuna kuotea, basi kila pasi nzuri inakatwa na kibendera. Kiungo anapiga chenga mbili nzuri mahali ambapo pasi moja ingemfikisha mwenzake golini.

Na kuna la makofi. Mtaani ukimpiga mtu kanzu (mpira juu ya kichwa chake) au tobo (katikati ya miguu yake), watu wanaingia uwanjani kukukumbatia, na pengine shangwe hiyo inazidi ya bao. Kwenye majaribio kocha anaandika tu kilichofuata baada ya kanzu. Mara nyingi kilichofuata ni mpira kupotea.

Dawa yake si kuacha mtaa. Bandari wanapocheza nyumbani, nenda ukamtazame mchezaji mmoja anayecheza nafasi yako, dakika 20 nzima, bila kuufuata mpira kwa macho. Angalia anasimama wapi mpira ukiwa upande wa pili. Halafu mwombe kocha wako akuchezeshe beki mechi mbili tatu. Utalalamika, lakini fowadi aliyewahi kuwa beki anajua beki anachochukia.

Skauti huangalia nini hasa?

Kabla hata hujagusa mpira, anaangalia kama unageuza shingo kutazama nyuma yako. Akishaona hilo anatazama mguso wa kwanza, kasi ya hatua tano za mwanzo, na unafanya nini sekunde moja baada ya kukosea. Anayemfokea mwenzake au kumlaumu refa hujiondoa mwenyewe. Ukifika umechelewa ukasema feri ya Likoni ilikwama, ataelewa mara ya kwanza. Wenzako wa Likoni wamevuka na feri ya mapema.

Mwili wangu mdogo. Nifanye nini?

Ukiwa na 14, subiri, wengine hurefuka wakiwa na 17. Ukiwa na 19, fanya mazoezi ya nguvu chini ya mtu anayejua, na ujifunze kuuachia mpira mapema. Kwa kipa, kimo ni kikwazo kweli, na afadhali uambiwe sasa.

Sina njumu. Kucheza peku kunaharibu?

Mtoto wa miaka minane kucheza peku mchangani hakuna neno. Kwenye mechi rasmi viatu ni lazima kisheria. Za mtumba zinatosha, bora ziwe saizi yako. Kuvaa kubwa na kujaza soksi ndiko kunakovunja vifundo.

Nile nini? Nyumbani ni mahamri na mbaazi, jioni viazi karai.

Mbaazi ni chakula kizuri cha mchezaji. Tatizo ni mafuta, si mbaazi. Badilisha mahamri kwa muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha siku ya mechi, ule muda wa saa tatu kabla ya mechi kuanza. Samaki tunao, mayai yapo, maharagwe yapo. La muhimu zaidi Pwani ni maji. Kwa joto na unyevu wa hapa, anayesubiri kiu ameshachelewa.

Na Ramadhani?

Wachezaji Waislamu wa ligi kubwa hufunga na kucheza, kwa hiyo linawezekana. Hamisha mazoezi mazito yawe baada ya kufuturu, au mepesi muda mfupi kabla ya magharibi ili maji yawe karibu. Makombe ya Ramadhani ya usiku ni burudani, ila yanavunja miguu. Ukiwa na ligi, chagua mechi zako.

Muguka kidogo kabla ya mechi si unaondoa uoga tu?

Acha. Muguka ni jamii ya miraa, na miraa ina kathini na kathinoni. Zote mbili ni vichangamshi vilivyomo kwenye orodha ya dunia ya dawa zilizokatazwa wakati wa mashindano, na kathini huwa kosa ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita moja ya mkojo. Kenya ina shirika lake la kupambana na dawa hizo, ADAK, na mchezaji wa ligi anaweza kupimwa. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga muguka marufuku, kesi zikafuata. Ila hata siku unauzwa wazi barabarani, chombo cha kupimia mkojo hakijali tangazo la gavana wala amri ya mahakama.

Kuna zaidi ya vipimo. Ukitafuna usiku hulali, na mchezaji asiyelala anaumia. Tumewazika mpira wao vijana wengi wa maskani, yaani vijiweni, kwa njia hiyo, bila hata kupimwa.

## Nyumbani, shuleni, madrasa

Ustadhi amesema nichague madrasa au mpira.

Mara nyingi kinachogombaniwa ni saa kumi za alasiri, na saa zinaweza kupangwa. Kocha aende mwenyewe kwa ustadhi, avae kiheshima, asitume mtoto. Timu nyingi za mtaa hufanya mazoezi siku za madrasa baada ya alasiri kupita, au alfajiri mwisho wa wiki. Kijana asiyekosa madrasa ana mtetezi siku baba yake atakapokataa.

Niache shule nicheze?

Usiache. Kwanza, mashindano ya shule za sekondari ni mojawapo ya mahali pachache ambapo skauti kutoka Nairobi hukaa wiki nzima akitazama wachezaji, na shule kama Shimo la Tewa zimejijengea jina huko. Pili, Michael Olunga alisomea uhandisi katika chuo kikuu cha ufundi Nairobi huku akicheza, akafika Sweden, China, Hispania, na mwaka 2020 akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi ya Japani akiwa na mabao 28. Shule haikumpunguzia bao hata moja.

Mimi ni mama. Mwanangu anasema atakuwa mchezaji. Nimwamini?

Mama, mpe masharti badala ya jibu. Alale mapema, shule isishuke, na umjue kocha wake kwa sura. Wengi hawatafika, na hilo asifichwe. Lakini ukimkataza kabisa saa za jioni zitabaki pale pale, na maskani haimuulizi mtu karatasi.

Binti yangu anacheza na amevaa hijabu. Ataruhusiwa?

Ndiyo. Kufunika kichwa kumeruhusiwa kwenye sheria za mchezo tangu 2014, na mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Moroko alicheza Kombe la Dunia akiwa na hijabu. Chagua ile ya michezo isiyo na pini.

Na njia ya wasichana sasa hivi pengine ni fupi kuliko ya wavulana. Timu ya Kenya ya wasichana chini ya miaka 17 ndiyo ya kwanza ya soka kutoka nchi hii kucheza Kombe la Dunia la FIFA, mwaka 2024 katika Jamhuri ya Dominika. Esse Akida wa Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake, amecheza Israeli, Uturuki na Ugiriki. Wanaogombea nafasi ni wachache, kwa hiyo binti mwenye bidii huonekana upesi. Upungufu uko kwenye timu za mtaani za kumlea, na hapo wazazi wa Mombasa bado tunavutana.

## Karatasi

Sina cheti cha kuzaliwa. Kinahitajika?

Kuliko njumu. Bila cheti hakuna usajili wa maana wa timu za umri, na baadaye hakuna pasipoti. Kifuatilieni mtoto akiwa mdogo. Kukitafuta akiwa na 17 na majaribio yako wiki ijayo ni kujitafutia presha.

Kocha anasema tupunguze miaka miwili. Kila mtu anafanya.

Kila mtu anafanya, na kila msimu kuna anayefungiwa. Mashindano ya FIFA ya chini ya miaka 17 yamekuwa yakipima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI tangu 2009. Hata usipopimwa, umri uliouandika utakufuata kwenye kitambulisho, pasipoti na mkataba. Kocha aliyekushauri hatakuwepo.

Mfadhili alininunulia njumu na kunilipia nauli miaka minne. Sasa anataka nisaini kwamba atachukua asilimia 30 nikiuzwa.

Usisaini. Tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu au kampuni isiyo klabu kumiliki sehemu ya fedha za uhamisho wa mchezaji. Karatasi hiyo haitampa yeye kitu, na itakuletea matata siku klabu itakapoiona. Aliyekusaidia mshukuru kwa mshahara wako, kwa hiari yako. Akitaka haki ya kudumu, asajili timu, kisha asome jibu linalofuata.

Timu ya mtaa iliyomlea mchezaji hupata nini akiuzwa nje?

Hapa ndipo karatasi inapogeuka pesa. Mchezaji akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka wa kutimiza 12 hadi wa 23. Mwaka wa 12 hadi wa 15, kila mmoja ni asilimia 0.25 ya bei. Wa 16 hadi wa 23, kila mmoja ni 0.5.

Tuseme kijana wa Chaani alisajiliwa na timu ya kwao tangu mwaka wa 12 hadi wa 17, na baadaye klabu ya Ulaya inamnunua kutoka klabu nyingine ya nje kwa dola milioni moja. Miaka minne ya kwanza ni dola 2,500 kila mwaka, miwili ya mwisho 5,000 kila mmoja. Jumla dola 20,000. Kwa timu inayokodi mpira, hiyo ni mipira, jezi na nauli za miaka. Na ni kila akiuzwa tena kwa njia hiyo. Mbali na hiyo, kuna fidia ya malezi akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa.

Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu inayogawa pesa hizi kwa kufuata rekodi za usajili za kielektroniki. Timu isiyosajiliwa haimo kwenye rekodi, na shilingi haifiki, hata mtaa mzima ukija kutoa ushahidi.

Nimepewa mkataba wa kwanza. Niangalie nini?

Muda kwanza. Ukiwa chini ya miaka 18, mkataba hauwezi kuzidi miaka mitatu. Ukiwa umevuka hapo, mitano. Mshahara uandikwe kwa tarakimu na tarehe ya kulipwa. Uandikwe pia nani anagharimia matibabu ukiumia, kwa kuwa “tutakusaidia” si kipengele. Uondoke na nakala iliyosainiwa na pande zote, siku hiyo hiyo. Mchezaji asiye na nakala yake hana mkataba, ana kumbukumbu. Chini ya 18, mzazi au mlezi awepo.

Klabu haijanilipa mwezi wa tatu huu.

Mishahara kuchelewa ni donda la zamani la soka yetu. Kanuni za FIFA zinasema ukidai mishahara miwili, unaweza kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15, na isipolipa una sababu halali ya kuvunja mkataba. Usiache tu kwenda mazoezini, hapo kosa linakuwa lako. Wasiliana kwanza na KEFWA, chama cha wachezaji, na mgogoro ukikwama lipo Baraza la Kuamua Mizozo ya Michezo.

## Kwenda nje

Kuna ajenti anasema nimlipe viza na tiketi anipeleke majaribio Dubai.

Ajenti wa kweli ana leseni ya FIFA, aliifanyia mtihani, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye orodha ya FIFA bila malipo. Mwombe barua ya mwaliko yenye jina la klabu, kisha iandikie klabu wewe mwenyewe kwa anwani uliyoipata kwenye tovuti yao, usitumie ile aliyokupa yeye. Wazazi wameuza kiwanja kwa ajili ya majaribio yaliyokwisha kwenye chumba cha watu tisa, pasipoti ikiwa mikononi mwa mtu mwingine. Na mkataba na ajenti hauzidi miaka miwili. Akikuletea wa kumi, ameshajieleza.

Nina miaka 16 na akademia ya Hispania inanitaka.

Kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya 18 kumekatazwa, isipokuwa kwa mambo machache kama wazazi kuhamia huko kwa sababu isiyo ya mpira. Nafuu ya wanaoishi mpakani, nyumba na klabu zote zikiwa ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka, haimfikii mtu wa Mombasa. Anayekwambia “tutaandika wewe ni mwanafunzi” anakuomba ushiriki kosa.

Tanzania je?

Ukiwa na 18, ni hatua nzuri, na lugha si tatizo. Wakenya kama Joash Onyango na Duke Abuya wamevaa jezi za Simba na Yanga. Mtazame pia Mtanzania Mbwana Samatta wa Mbagala: Simba, TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, kuanzia 2011, Genk ya Ubelgiji Januari 2016, Aston Villa ya Uingereza 2020. Alikaa Lubumbashi miaka zaidi ya minne kabla ya Ulaya, na akiwa huko alitajwa mchezaji bora wa Afrika anayecheza barani. Hakuna aliyemwona amechelewa.

Msimu uliopita nilicheza ligi kwa jina la kaka yangu. Sasa nimepata timu ya NSL. Nifanyeje?

Mamluki, yaani wanaocheza kwa jina la mtu mwingine, ni wengi kuliko tunavyokiri. Mabao yale ni ya kaka yako, huwezi kuyahamishia kwako, na ukijaribu utafungiwa pamoja na timu iliyokuchezesha. Iambie klabu mpya kabla haijakusajili, uso kwa uso, na uanze rekodi kwa jina lako na tarehe yako ya kweli. Kaka naye aambiwe mapema, maana akienda kujisajili popote atakuta tayari ana timu, mabao kumi na moja na kadi nyekundu.